Kalisti Aliyelala Ukutani

Resti binti yangu,

Sianzi kwa kukuuliza hali, kwa sababu nakusikia. Uko chumba cha pili unafunga zipu ya begi, unaifungua, unaifunga tena. Wewe nawe unanisikia ninavyokohoa. Nyumba hii tumeishi hivyo tangu Desemba: tunasikilizana kupitia ukuta, na tukikutana sebuleni ni shikamoo baba, marahaba, basi. Ndiyo maana naandika. Ningekuja kugonga mlango wako ningesema maneno mawili ya maana, la tatu ningeanza kufoka. Unanijua.

Mambo ya safari simo. Mama yako ameshakwambia yote kuhusu maji ya Mwanza na watu wa stendi, na amekufungia chupa ya maziwa mgando ambayo itamwagika kabla hujafika Arusha. Usimwambie. Mimi nina jambo moja, nalo ni ukuta wa banda la ng'ombe.

Wiki iliyopita jikoni ulisema, bila hata kupandisha sauti: "Mama, Desemba msinisubiri. Siji." Mama yako aliacha kumenya ndizi. Mimi nilikuwa mlangoni navua viatu, nikajifanya sijasikia, nikavivua polepole kuliko mtu yeyote aliyewahi kuvua viatu. Nilisikia vizuri sana. Sisi watu wa huku mlimani mtu anaweza kukosa harusi, anaweza hata kukosa msiba akasamehewa. Desemba haikosi. Hata wezi wa huku Desemba hurudi kwao kupumzika. Mtoto asipopanda kuja nyumbani, watu wa Kibosho hawaulizi yuko wapi, wanauliza mmemfanya nini. Na mimi najua nimekufanya nini, kwa hiyo jibu ninalo. Ila sitaki kuwa nalo kila mwaka mpaka nife.

Ngoja nianze kwa kaka yako, maana tangu tulipomzika hatujamtaja mimi na wewe isipokuwa kwa ugomvi.

Kalisti alikufa masika ya mwaka jana, akipunguza matawi ya mgrivea katika shamba la watu ili kahawa yao ipate mwanga. Aliteleza. Hilo ndilo tunalowaambia watu. Lingine ni kwamba asubuhi hiyo alikuwa ameshapitia kilabuni, na alipopanda ule mti alikuwa na pombe ya mbege tumboni kuliko uji. Aliyempa kazi analijua hilo, aliyemuuzia analijua, na wale vijana waliombeba kutoka shambani walisikia harufu. Mimi nilimvua shati. Naijua kuliko wote.

Baba yako mkubwa alipanda kutoka Dodoma siku iliyofuata, na kitu cha kwanza alichouliza baada ya pole ni nani anaandika historia ya marehemu. Tukakaa wawili sebuleni. Yeye anasema, mimi naandika, kwa kuwa mwandiko wangu ndio mzuri, ndio unaosomeka kwenye mabango ya maduka yote kuanzia hapa mpaka sokoni. "Andika, marehemu alikuwa kijana mchapakazi." Nikaandika. "Mwenye kumcha Mungu." Nikaandika. "Aliyejiepusha na ulevi na makundi mabaya." Kalamu ilisimama. Akaniangalia akasema, "Mdogo wangu, unataka Paroko asome nini mbele ya watu?" Nikaandika. Tena kwa herufi nzuri. Usidhani alinishika mkono. Nilitaka mwenyewe. Nilitaka angalau siku moja nimsikie mwanangu akisifiwa, na nikaona hiyo ndiyo siku pekee iliyobaki.

Iliposomwa pale kaburini migombani, hakuna aliyecheka. Makundi mabaya yenyewe yalikuwa yamesimama mstari wa mbele, yamevaa mashati ya kuazima, yanaangalia chini. Ndipo wewe ulipogeuka ukaondoka kabla hatujatia udongo. Watu wote wakakuona. Nilikasirika, mama. Nilisema moyoni, huyu mtoto hana adabu hata ya dakika kumi. Nilikukuta baadaye umekaa ndani ya banda, mgongo ukutani, ng'ombe anakulamba bega, na hukuwa unalia. Ungekuwa unalia ningekuelewa.

Halafu ikaja baridi ya Julai ukaanza kuomba makopo yangu. Mabaki ya rangi ya mafuta yale ninayoyarundika nyuma ya stoo kwa kuwa siwezi kutupa rangi. Nilidhani unataka kupaka viti. Ukatumia siku nyingi pale bandani, na mimi nikiwa kwenye kazi za watu, na siku niliyopita nikaangalia, nikamkuta Kalisti amelala chini.

Umbo lake lote. Ulimchora chini kabisa ya ukuta, usawa wa ardhi, hivi kwamba mtu akiingia getini anaona kijana amejilaza juu ya majani makavu ya mgomba, mdomo wazi, pengo la jino linaonekana, gambuti moja mguuni na nyingine imemtoka. Ng'ombe anamchungulia kwa juu. Mkono mmoja ameutupa pembeni, vidole vimekunjuka, vile alivyokuwa anaachia vitu vyote. Nilisimama pale na jambo la ajabu ni kwamba nilianza kuzitambua rangi. Kijani cha shati ni mageti ya jirani yetu Mama Priska. Kahawia ya majani ni milango ya zahanati. Ile bluu ya suruali ni madirisha ya kanisa, kopo lililobaki nusu. Kazi zangu zote za mwaka mzima zimemvaa mwanangu mlevi.

Nilichukia. Nakwambia ukweli kwa kuwa unaondoka na sina muda wa kuremba. Nilikuwa nimemsafisha, nimemvalisha, nimemwandikia maneno mazuri, halafu wewe umemrudisha kwenye majani. Nilipita pale kila siku shingo imekaza kama askari. Watu wakaanza kuja kumwona. Wengine walicheka, na kile kicheko kiliniuma, ingawa sasa nikikikumbuka hakikuwa cha dharau, kilikuwa cha watu waliokutana na mtu wao. Mama Priska alisimama getini siku moja na mzigo wake wa majani kichwani akaita, "We Kalisti, amka, jua linakuunguza!" Halafu akakumbuka, akaziba mdomo, akakaa chini palepale na mzigo wake. Mama yako alitoka jikoni wakakaa wote wawili. Tangu siku hiyo mama yako akahamishia kigoda chake pale, akawa anamenyea ndizi mbele ya ule ukuta, anaongea peke yake. Niliwahi kumsikia anamgombeza kwa nini kavua kiatu.

Mimi sikuwa na kigoda pale. Kosa langu lilianzia hapo, si Desemba. Nyinyi wawili mlikuwa mmepata pa kwenda, mimi nikawa nalinda karatasi iliyosomwa na Paroko.

Desemba unaijua ilivyo kwa fundi rangi. Kila mtu anataka nyumba ing'ae kabla wa mjini hawajafika, na mimi napaka za watu wote, ya kwetu inakuwa ya mwisho. Baba yako mkubwa akapiga simu. "Nasikia mmemchora kijana ukutani kama mlevi wa barabarani. Mwaka huu nakuja na wakwe zangu. Wapitie hapo?" Nikamjibu, "Kaka, hilo niachie mimi." Jibu la haraka, kama mtoto anayetaka kusifiwa na mwalimu. Nina mvi, Resti, na bado nataka kaka yangu aniambie nimefanya vizuri. Uwe macho na jambo hilo, lipo kwenye damu yetu.

Mlikuwa mmeshuka Moshi na mama yako kununua vitu vya sikukuu. Nilichukua debe la rangi ya maji, krimu, ileile ya ukuta wa nyumba, nikachukua rola. Nilianza na uso. Nilijua nikianzia miguuni sitafika juu. Mara mbili rola ilipita na alikuwa bado anaonekana, ya tatu akapotea, na nikaendelea kupaka ukuta mzima ili pasionekane kiraka. Kazi nzuri. Mteja angenisifu.

Mlipopanda, mama yako aliweka mfuko chini. Akachukua kigoda chake akakipeleka nyuma ya nyumba, na mpaka leo anamenyea huko. Wewe ulikuja ukasimama mbele yangu. Maneno yalitoka yamenyooka. "Baba, yule mliyemzika mimi simjui. Kaka yangu alikuwa huyu." Ukaniambia kwamba ni yeye mwenyewe aliyekuomba. Kwamba mlipokuwa wadogo ulikuwa unamfukuza uwanja mzima na mkaa mkononi ili atulie umchore, naye akakuambia, "Nichore nimelala, ndiyo kazi pekee ninayoiweza." Na kwamba ulimwahidi siku moja utamchora hivyo, mkubwa, mwili mzima. Ukasema, "Sikumchora mlevi. Nilimchora kama alivyoniomba."

Ningeweza kunyamaza. Mtu akishindwa kusema zuri, kunyamaza kupo, hakuna anayekatazwa. Mimi nikakwambia, "Michoro yako kaionyeshe huko. Hapa kuna wageni wanakuja."

Huo ndio mzigo unaoondoka nao, sio hilo begi. Nilimwambia mtoto wangu aliyefiwa na kaka yake kwamba nyumbani kwake kuna wageni. Baba yako mkubwa alifika, akapita pale na wakwe zake, akasema, "Sasa pamependeza." Nilisubiri nifurahi. Tulikula mtori, tukala nyama, ukatupakulia wote kwa adabu, ukaosha vyombo, na tangu siku hiyo hujashika brashi ndani ya boma hili. Mpaka barua ya Mwanza ilipokuja kwamba wanataka mtu wa kuchora kuta za shule za chekechea. Watoto wa watu wapate tembo na twiga wa Resti. Sisi tubaki na krimu.

Sasa nikwambie kitu ambacho hata mama yako hakijui vizuri. Nilikuwa na dada, Sesilia. Alinifuata mimi kuzaliwa. Alikufa kwa surua nikiwa na akili zangu timamu, nimeshaanza shule, na mimi ndiye niliyekuwa nambeba mgongoni. Siku hiyohiyo walituambia tusilie, Sesilia amekuwa malaika. Jina lake halikutajwa tena mezani. Mama yangu, ambaye umepewa jina lake, alikuwa na kalenda ya kanisa yenye picha ya malaika mwenye nywele za mawimbi na mashavu mekundu, akanionyesha, akasema, dada yako yuko hivi sasa. Nikaamini. Leo nikimtafuta Sesilia kichwani, naona yule malaika wa kalenda. Mzungu kabisa. Dada yangu alikuwa mweusi kuliko mimi, alikuwa na kovu mahali fulani usoni, na sijui ni wapi. Nimejaribu kuliweka shavu la kulia, nimejaribu la kushoto. Nimezeeka namlilia mtoto wa kizungu aliyechapishwa kiwandani.

Hivyo nilijua, Resti. Katika wote waliokuwa hapa Desemba, mimi ndiye niliyejua inavyokuwa mtu akipambwa mpaka akapotea, na mimi ndiye niliyeshika rola. Kuliandika hili hakujanipunguzia uchungu hata kidogo, kama ulitegemea hivyo.

Na Kalisti naye nisimwache. Bado nina hasira naye. Alipanda mti wa watu amelewa, akanifanya mimi nichague kati ya uongo na aibu, na akafa bila hata kujua kwamba amenipa hiyo kazi. Nikiwa peke yangu migombani huwa namsema. Nadhani wewe pia ulikuwa na hasira ulipokuwa unachora. Ule unyayo wa mguu ulioachwa wazi uliuchora na ufa wa kisigino, na tope, na hukumwonea huruma popote. Lakini majani uliyomlaza ulikuwa umeyatandika vizuri, moja juu ya lingine. Nililiona hilo nikiwa na rola mkononi. Nikaipitisha.

Tangu Desemba umeacha kupita kule bandani, unazungukia upande wa mfongo, kwenye mfereji wa maji, kwa hiyo huenda hujaona. Masika haya ukuta umeanza kubambuka. Kila fundi anajua kwamba rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta usipoikwangua kwanza kwa msasa. Kila kijana ninayemfundisha kazi namwambia hilo kabla sijampa brashi. Usianze kunipa sifa nisizostahili, sikufanya makusudi ili siku moja arudi. Nilikuwa na haraka, nilikuwa nataka kumaliza kabla hamjapanda. Basi matone ya mvua yaliporuka kutoka chini, ikatoka gambuti. Mwezi uliofuata ikatoka ile suruali ya bluu, kipande kwa kipande, na baadaye vidole vilivyokunjuka. Baba yako mkubwa ameshapata habari, sijui anapelekewa na nani, akanipigia. "Safari hii piga andakoti kabisa, ile rangi ya chini inayoshikilia." Kaka yangu hajawahi kushika brashi, lakini andakoti anaijua.

Uso bado uko chini ya rangi. Jana niliweka ukucha pale penye pindo, karibu na sikio, na pakaitikia, palikuwa tayari kuachia. Nikatoa mkono. Mimi nilimfunika, siwezi pia kuwa ndiye wa kumfunua halafu nijione mwema.

Unajua desturi yetu. Ningeweza kukata jani la sale pale mpakani, nikalifunga fundo, nikaliweka juu ya begi lako. Na wewe usingekuwa na namna, maana mtu akiletewa sale hakatai, anasamehe, hata kama moyoni hajafika. Nilikwenda mpaka pale na kisu. Nikarudi na kisu. Nimekulazimisha vya kutosha. Sitaki nisamehewe kwa kuwa jani limekuja. Watu wengi wa boma hili wamesameheana kwa majani na hawasalimiani kwa hiari mpaka leo. Ukiwa huna msamaha, kaa bila msamaha. Nitakula na wewe hivyohivyo.

Huko unakokwenda watakutaka uchore tembo wasafi. Mabosi wote ni kina baba mkubwa. Ukiweza, acha tembo mmoja na tope lake. Watoto watamjua.

Nimebakiza hili tu. Desemba hii nitapaka nyumba za watu wote kama kawaida, na ya kwetu sipaki. Hata mlango. Fundi rangi mwenye nyumba chakavu sikukuu, watanicheka kuanzia kanisani mpaka kilabuni, na wacha wacheke. Kaka yangu atakuja na gari lake jeupe na wakwe zake, atashuka getini na kukuta mguu umetokeza ukutani, na suruali, na mkono, na pengine uso kama mvua za vuli zitakuwa zimenisaidia au kama wewe utakuwa umekuja na kucha zako. Uje usije, hilo ni lako. Mimi nitakuwa nimekaa pale pale. Nimeshamwomba mama yako kigoda, akaniangalia sana, akaenda kukileta.

Na wageni wakiuliza huyu ni nani, nitawajibu mimi mwenyewe, kwa sauti, kaka yangu akiwa anasikia. Nitasema: ni Kalisti, mwanangu. Amelewa, amelala. Dada yake ndiye aliyemlaza. Piteni polepole.

Baba yako